Mstari Ambao Enid Hakuupiga

Kazi ya Enid Axtell haikuwa na mshahara wala cheo. Siku za mashindano alikaa kwenye kiti kirefu ndani ya kibanda cha mafundi, blanketi magotini, juu ya blanketi ubao wenye saa mbili za kupimia mbio, na juu ya ubao daftari. Kila gari lililopita mbele yake aliliandika. Miaka saba alikuwa akimwandikia kaka yake Wilf, kwenye mvua ya Uingereza isiyojua kubisha hodi, na hakuwahi kukosa mzunguko hata mmoja.

Aliyemfundisha ni Bi Maud Threlfall, mjane wa dereva wa zamani, mwanamke mwenye sauti kama mlango mkavu na koti la manyoya lililotobolewa na nondo. Wakati huo Enid alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule alikuwa ameiacha akiwa na miaka kumi na minne akajaze petroli kwenye gereji ya baba yake, lakini macho alikuwa nayo, na subira.

"Sheria ni mbili tu," Bi Maud alimwambia. "Ya kwanza, usiandike kwa sikio. Sikio lina hamu, litakuletea unachokitaka. Ngoja jicho lione gari, ndipo uandike. Ya pili, kila gari lina safu yake, namba juu, nyakati zinashuka kama ngazi. Gari likisimama, liwe limekufa injini, liwe limeungua, liwe limefanya nini, lipigie mstari chini ya wakati wake wa mwisho. Lisilo na mstari bado linakimbia. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bi Maud."

"Nimesema bado linakimbia."

Enid alidhani bibi anarudia kwa uzee.

Sasa ilikuwa Mei ya mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nne, Jumamosi, katika uwanja wa Skelby. Zamani ndege za kurusha mabomu zilipaa pale kila jioni, na si zote zilizorudi. Vita vilipokwisha wakabaki sungura na zege, na wapenda mbio wakaja na mapipa matupu na matita ya majani makavu, wakachora njia. Upande wa pili wa uwanja lilisimama banda moja la ndege, kubwa, limeota kutu, na barabara ililizunguka kwa kona ndefu ya mkono wa kulia. Siku ya ukungu hulioni banda. Unaisikia tu sauti ya gari ikiingia nyuma yake, ikipotea, kisha ikitoka.

Siku hiyo ukungu uliingia kutoka baharini saa sita mchana ukakaa, kama mgeni aliyevua viatu.

"Chai yako, binti," alisema Percy Luddle, fundi mzee aliyewahi kumtumikia hata marehemu baba yao. "Kunywa upesi. Ikipoa inafanana na ile ya mama mwenye nyumba wangu, na ile hata paka ameikataa."

"Wilf amekula?"

"Amekula mkate nusu. Nusu nyingine anaitazama tu. Yule bwana mkubwa amemziba koo."

Bwana mkubwa alikuwa Bwana Havergal, msimamizi wa timu ya kiwanda kimoja kikubwa cha magari. Alisimama pembeni ya kibanda chao na koti refu la rangi ya ngamia, saa yake mwenyewe mkononi, akisema kidogo sana. Alikuwa na kiti kimoja cha dereva kilichobaki wazi, na watu wawili akilini, na mmoja wao alikuwa Wilf Axtell. Leo alikuja kumtazama kwa mara ya mwisho.

Wilf alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Gari lake la kwanza alilitengeneza kwa injini ya pikipiki na chuma cha kitanda, akapanda nalo vilima vya kijijini watu wakicheka, akarudi na kikombe ambacho mama yake alipandia kitunguu. Baada ya hapo akanunua gari lililokwishachoka, akalichosha zaidi. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu la moto kutoka kwenye kiwiko hadi kidole gumba, na mbavu mbili zilimtabiria mvua. Alikuwa amekwisha kuwashinda watu waliokulia penye dereva wa kuwapeleka shule. Lakini gari la kiwanda, gari jipya lenye mafundi wanane na plagi za kutosha, hakuwahi kukalia hata kwa kuonja.

Alikuja kibandani akifunga kofia kidevuni.

"Ukiona nimelala, niamshe na ubao wa ishara," alimwambia dada yake.

"Wewe ulale? Hata kanisani hulali. Unahesabu pikipiki zinazopita nje."

"Enid."

"Naam."

"Leo usinionyeshe aliye nyuma. Nionyeshe wa mbele tu. Nikijua kuna mtu mgongoni napata wazimu, unanijua."

"Nikuonyeshe ukweli au unachotaka?"

"Ukweli wa mbele," alisema Wilf, akambonyeza pua kwa kidole chenye oili kama alivyozoea tangu utotoni, akaenda.

Enid akafungua daftari jipya la msimu, akaandika namba za magari juu ya safu. Yalikuwa kumi na moja. Wilf alikuwa na namba nane. Karatasi ya waandaaji ilipofika ishirini na sita iliruka, ikaja ishirini na nane.

"Wamefanya vizuri," Percy alisema, akiangalia juu ya bega lake. "Ile namba iache ipumzike."

Enid alichonga penseli iliyokwisha kuchongeka.

Ishirini na saba ilikuwa namba ya Miles Garside. Miles alikuwa mtu wa Yorkshire, mwenye mwanya na kicheko cha ghafla, na alikuwa amchumbie Enid rasmi mwezi wa Juni mwaka uliopita, pete imekwisha nunuliwa, imefichwa kwenye boksi la plagi. Alipunguza gia kwa namna yake peke yake. Kabla ya kona aliikanyaga petroli mara mbili fupi, koh, koh, kama mzee anayetaka watu wajue yuko mlangoni. Kati ya magari ishirini Enid angemjua kwa kikohozi kile.

Mwaka jana, Mei, uwanja huu huu, ukungu huu huu. Miles alikuwa anaongoza. Mzunguko wa kumi na tisa Enid alimsikia akiingia nyuma ya banda, koh, koh, akamsikia akitoka, naye akatazama saa na moyo ukampanda, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kupita Skelby kwa kasi ile. Dakika mbili na sekunde tatu kamili. Akaiandika. Aliiandika kabla hajaliona gari, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa furaha tu.

Gari halikutokea.

Alingoja. Yakaja mengine, yakapita. Kisha mtu mmoja akakimbia na bendera, na harufu ya mpira unaoungua ikafika kabla ya habari. Enid alilifunga daftari. Hakupiga mstari. Kuupiga kungekuwa kuandika kwa mkono wake kwamba Miles amesimama, na mkono haukukubali. Daftari likaingia kwenye kasha la bati ndani ya gari la mizigo, chini ya matambara, na hakuna aliyeuliza, maana nani huuliza mstari wa penseli siku kama hiyo.

Sasa bendera ya kuanzia ikashushwa, magari yakaondoka kwa kishindo yakamezwa na ukungu.

Mizunguko minne ilikwenda kama kawaida. Wilf alikuwa wa tatu, akienda kwa dakika mbili na sekunde tisa kila mzunguko, mwendo mzuri kwenye zege iliyolowa, na Percy alimtolea ubao wa ishara wenye sekunde kati yake na wa pili. Bwana Havergal alibonyeza saa yake, akaitazama. Mzunguko wa tano Enid alishusha macho kwenye daftari kumalizia alama, akaona safu kumi na mbili.

Safu ya mwisho, pembeni kabisa, ilikuwa na namba ishirini na saba juu. Chini yake nyakati tano. Dakika mbili na sekunde tatu, dakika mbili na sekunde tatu, hivyo hivyo mpaka chini, bila hata sehemu ya sekunde kupungua au kuzidi. Mwandiko ulikuwa wake. Ile tatu yenye mkia mrefu, ambayo mwalimu wake alimpigia vidole akashindwa kuinyoosha.

"Percy," alisema polepole. "Yamepita magari mangapi?"

"Kumi na moja. Nimeyahesabu mara mbili, hata lile lililonijaza moshi machoni." Mzee akainama, akaona. Uso wake ukawa wa rangi ya mkate mbichi. "Nani huyu?"

"Sijui nimeandika saa ngapi."

"Futa, binti."

Alifuta. Raba ilikwenda na kurudi, karatasi ikachakaa, na namba zikabaki pale pale kama mishipa chini ya ngozi.

Mzunguko wa sita ulipoisha alikaza macho njiani. Wilf akapita. Wakapita wengine. Halafu pakawa na nafasi tupu, njia nyeupe isiyo na kitu, na ndani ya nafasi hiyo kitu kikapita. Hakukiona. Aliona ukungu ukigawanyika kwa urefu wa gari na kujifunga tena, na matone ya maji kwenye ukuta wa kibanda yakayumba upande mmoja yote kwa pamoja. Na kabla ya hapo, kule nyuma ya banda la ndege, mbali: koh, koh.

Penseli ilikuwa imekwisha andika.

Enid hakuwa na shule nyingi lakini hesabu ya mbio aliila kama mkate. Kwenye mzunguko wa tano yule wa safu ya mwisho, aliyeondoka baada ya wengine wote, alikuwa nyuma ya Wilf kwa sekunde themanini na nne. Anamla sekunde sita kila mzunguko. Themanini na nne kugawa kwa sita ni kumi na nne. Tano na kumi na nne.

Kumi na tisa.

Akaihesabu tena kwa njia nyingine, ikaja hiyo hiyo.

Mzunguko wa kumi na mbili aliisukuma penseli chini ya paja na kukalia mikono yake miwili. Mtu angedhani anasikia baridi. Ukungu ukagawanyika, ukajifunga. Alipotazama daftari wakati ulikuwapo, mbichi, na vumbi la risasi ya penseli likimetameta pembeni yake.

"Kuna tatizo, Bi Axtell?" Bwana Havergal aliuliza bila kugeuza kichwa.

"Hapana, bwana."

"Kaka yako anaendesha vizuri leo. Hana papara. Nilikuwa na wasiwasi na papara yake."

"Ahsante, bwana."

"Akimaliza hivi hivi, nadhani tutazungumza."

Lilikuwa neno ambalo Wilf alilingoja tangu kile kikombe cha kitunguu. Enid alilipokea likamkaa mkononi kama kaa la moto, hawezi kulishika wala kulitupa.

Akafikiri: nikimwonyesha aliye nyuma, atakimbia. Atapata wazimu kama alivyosema, atafika kwenye banda kwa mwendo usioweza kukata kona, na itakuwa mimi niliyemsukuma. Nisipomwonyesha, atafikiwa. Na akishafikiwa, sijui mtu aliyefikiwa na kitu kile anakuwa nani.

Mzunguko wa kumi na sita, sekunde kumi na nane. Wilf alikuwa amempita wa pili, na Percy alikuwa amejisahau kwa furaha anapiga ubao kwa ngumi.

"Mwite aingie kibandani," Enid alisema.

"Nini?"

"Weka ubao. Ingia."

"Binti, bwana mkubwa amesimama hapa. Yuko wa pili. Ukimwita sasa hivi umemzika."

"Weka, mzee."

Percy alimtazama, kisha akaitazama ile safu ya pembeni, na hakubisha tena. Akapanga herufi. Bwana Havergal aligeuka kwa mara ya kwanza siku nzima.

Wilf alitoka kwenye ukungu, akauona ubao. Akainua mkono mmoja kwenye usukani, akagonga kofia yake kwa kidole mara mbili, maana yake dada yangu umerukwa na akili, akapita.

Kumi na saba. Sekunde kumi na mbili. Walimtolea ubao tena, akapita bila hata kugonga kofia.

Hapo ndipo sauti ya Bi Maud ilipomjia, kavu kama mlango. Lisilo na mstari bado linakimbia. Nimesema bado linakimbia. Miaka saba alidhani bibi anarudia kwa uzee.

Alingoja mzunguko wa kumi na nane. Alimngoja Wilf amwone kwa macho, akamwandika, dakika mbili na sekunde tisa. Sekunde sita baadaye ukungu ukagawanyika. Enid akaweka ubao wa saa juu ya kiti, akaruka chini, akakimbia.

Hakuwahi kuondoka kwenye kiti kile mbio zikiendelea. Percy alimwita kwa jina. Gari lao la mizigo lilikuwa nyuma, ng'ambo ya majani marefu, hatua mia mbili, na sketi ililowa mpaka magotini kabla hajafika nusu. Akavuta mlango, akalitupa tambara hili na lile, akalitoa kasha la bati, akafungua.

Daftari la mwaka jana lilikuwa limenenepa. Alilifunga likiwa na kurasa sita zilizotumika, zilizobaki ni nyeupe. Sasa kila ukurasa aliougeuza ulikuwa umejaa. Safu moja tu, imejikunja ukurasa hadi ukurasa, juu chini, juu chini, dakika mbili na sekunde tatu, dakika mbili na sekunde tatu, tatu zenye mkia mrefu, Juni na kiangazi kizima, majira ya majani kuanguka, theluji, Krismasi ambayo Enid aliikalia peke yake jikoni. Mwaka mzima Miles alikuwa akizunguka. Ukurasa wa mwisho ulibakiza chumba kimoja kitupu cha kuandikia wakati, cha chini kabisa kwenye kona.

Kule mbali alimsikia Wilf akikaribia banda la ndege. Na juu ya sauti yake, si nyuma tena bali juu yake, kama mtu anayevaa koti la mwenzake: koh, koh.

Akapeleka mkono sikioni kutafuta penseli. Haikuwapo. Ilikuwa imeangukia majanini.

Akachomoa pini ya nywele. Hakwenda kwenye kile chumba cha mwisho. Alirudisha kurasa nyuma, zote, mpaka siku yenyewe, mpaka safu ya ishirini na saba, akashuka na kidole. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Kumi na nane alimwona, hiyo ilikuwa kweli. Aliinua mkono akipita, na jua dogo lilimgonga kwenye miwani. Kumi na tisa hakumwona.

"Sikukuona, Miles," alisema. "Niliandika kwa sikio. Nilikuandikia uongo, na wewe ukautii. Nisamehe. Simama sasa."

Akaweka pini chini ya kumi na nane, juu ya kumi na tisa, akavuta. Karatasi ikapasuka kwa sauti ndogo, mstari ukatokea, umepinda kidogo, mweusi kwa mafuta ya nywele na kutu.

Sauti mbili ziliingia nyuma ya banda. Enid alisimama mlangoni mwa gari na daftari kifuani. Ilipotoka ilikuwa moja.

Hakujua ni ipi. Alikimbia kurudi, na alipokuwa bado majanini gari lilipita mbele ya vibanda, akalisikia likivuma na kufifia upande wa pili wa ukuta. Angeweza kusema ni Wilf. Sikio lilitaka kabisa kusema ni Wilf.

Alipanda kitini. Percy alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Ni yeye aliyepita?" Enid aliuliza.

"Namba nane. Nimemwona. Lakini binti..."

"Lakini nini?"

"Alivyokaa. Wilf hukaa ameinama kama anatafuta senti. Huyu alikuwa ameegemea nyuma, mikono imenyooka. Unajua nani alikaa hivyo."

Enid alichukua penseli ya akiba, na saa ambayo Percy alikuwa ameianzisha namba nane ilipopita, akaitazama njia nyeupe. Zile zilikuwa dakika mbili ndefu kuliko mwaka. Sauti ilikuja nyuma ya banda, bila kikohozi, ikatoka, na hakuandika. Gari likatoka kwenye ukungu, jekundu, namba nane, linakwenda polepole, na ndani yake mtu ameinama kama anatafuta senti. Akamwona. Akaandika. Dakika mbili na sekunde thelathini na moja.

Alipokishusha kichwa, daftari lilikuwa na safu kumi na moja. Na kwenye safu ya namba nane, mkabala na kumi na tisa, palikuwa na chumba kitupu.

Wilf alimaliza wa tano.

Bwana Havergal hakuondoka mara moja. Alikuja mbele ya kiti cha Enid, akageuza saa yake ili aione.

"Huku mwisho alilala," alisema. "Ningeondoka bila kuaga, kama si huu mzunguko wa kumi na tisa. Nimepata dakika mbili na sekunde tatu kamili. Zege imelowa, haonekani mtu hatua hamsini, na sekunde tatu kamili. Hakuna mtu anayeweza. Nadhani kidole changu kimeteleza. Kila mtu ananiambia kitabu chako hakikosei. Kikisema sekunde tatu, mimi sina neno tena. Kiti ni chake. Umeandika ngapi?"

Percy aliubonyeza mguu wa Enid, taratibu, chini ya blanketi. Kule ng'ambo Wilf alikuwa ametoka garini, amekaa juu ya tairi, kofia bado kichwani, anaitazama mikono yake.

Zilikuwa tarakimu chache tu za kuandika. Mtu mwenyewe alikuwa anampa wakati mdomoni.

"Sikuandika, bwana," alisema Enid. "Nilikuwa nimeondoka kitini. Sikumwona akipita."

"Hujawahi kukosa hata mmoja, wananiambia."

"Nimekosa huo."

Bwana Havergal akaitazama saa yake kwa muda, akairudisha kwenye sifuri, akagusa ukingo wa kofia yake na kwenda.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Mistari minne ya adabu. Kiti alipewa yule mwingine. Wilf aliisoma amesimama, akaiweka chini ya kopo la misumari, na kwa wiki mbili hakumwambia dada yake neno zaidi ya nipe spana na weka chai hapo. Percy alikuwa amemweleza yote, na hilo pia halikusaidia.

Asubuhi moja Enid alikuwa anafagia gereji, na Wilf yuko chini ya lori la mwuza makaa, viatu tu vinaonekana.

"Miaka saba," vile viatu vilisema. "Miaka saba hukukosa. Ukakosa ule."

"Ndiyo."

"Neno moja tu, Enid. Yule mtu alikuwa analiomba."

"Najua."

Spana ikagonga chuma mara kadhaa. Kisha ikanyamaza.

"Nyuma ya banda," alisema Wilf, na sauti yake ilikuwa imepungua, "usukani uligeuka kabla yangu. Miguu ikakanyaga mara mbili, haraka haraka. Mimi sijawahi kukanyaga hivyo, sijui hata inafanywaje. Nikaona kona yote, Enid. Ukungu ule, na mimi naiona yote, kama mchana wa jua. Nikasema moyoni, kumbe hivi ndivyo Miles anavyoona." Akavuta pumzi. "Ilikuwa tamu. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Halafu kama mtu ameniachia mikono. Nikapita pale vibandani sijui mimi ni nani. Huo mzunguko sikuendesha mimi."

Enid aliegemeza ufagio ukutani. Akaenda ofisini, akarudi na madaftari mawili, akachuchumaa na kuyatelezesha chini ya lori. Alimsikia akigeuza kurasa. La mwaka jana lilikuwa na kurasa sita zilizotumika, na zilizobaki nyeupe, safi, kana kwamba hazijaguswa. Kwenye safu ya ishirini na saba, kati ya kumi na nane na kumi na tisa, palikuwa na mpasuko mwembamba uliopinda.

La mwaka huu Wilf alikaa nalo zaidi.

"Hiki chumba changu," alisema hatimaye. "Kitabaki hivi hivi? Hutakijaza?"

"Sikukuona ukipita," alisema Enid.

Mkono wenye kovu ukatoka chini ya lori, ukapapasa hewani mpaka ukaupata uso wake, ukambonyeza pua kwa oili.